Kisu cha Feri

Shemeji alipiga simu Alhamisi usiku, Julai 2022, mtandao unakatakata, akasema Jumamosi analeta swala pala mzima. "Nimeshamtoa matumbo, nimemjaza barafu. We andaa vifaa tu."

Kabla ya vifaa niliulizia karatasi. Mjini hapa huwezi kushusha mnyama wa porini getini bila mtu kuwaza kesi ya nyara za serikali, na nina jirani mmoja ambaye muziki ukipita saa nne usiku anaita mjumbe. Shemeji akaniapia: kibali cha kuwinda anacho, stakabadhi anazo, vyote viko kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha gari. Basi, nikalala.

Ijumaa nikatoroka kazini, nikaenda Kariakoo. Mimi hata kuku nilikuwa nachinjiwa, kwa hiyo kichwani mwangu mnyama mkubwa alitaka chuma kikubwa. Nilichokijua ni bucha la mtaani kwetu: gogo, panga, na jamaa anayepiga paa! paa! mpaka chembe za mfupa zinamrukia mteja usoni. Nikanunua panga. Nikanunua kishoka. Nikanunua na msumeno wa chuma, ule wa mafundi bomba, maana nilijiambia mfupa hauwezi kuwa mgumu kuliko bomba. Mwisho nikaingia duka la vyombo nikatoka na seti ya visu sita, vinang'aa kama vya harusini, vimechomekwa kwenye kibao chake. Shilingi 45,000, na sikupunguziwa hata mia.

Nje ya duka, mzee aliyetandaza visu vyake juu ya gunia aliniita. Akanishikisha kimoja: mpini mweupe wa plastiki yenye mikwaruzo, ubapa mwembamba, mfupi, umechongoka. "Bosi, machinjioni Vingunguti wanatumia hiki. Elfu sita." Nikamjibu kwamba sichambui dagaa. Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Jumamosi jioni tukamtundika pala kwenye mwembe nyuma ya nyumba, turubai chini. Dume zuri, akiwa hai lazima alikaribia kilo 50. Mzee wa nyumba ya pili akaja kuuliza nani kachinja na alitaja jina la nani. Akajibiwa, akaridhika, akavuta kiti.

Ngozi ilitutesa. Shemeji aliiacha makusudi ili vumbi la barabarani lisiingie kwenye nyama, lakini ngozi iliyopoa hung'ang'ania. Ingechunwa ya moto ingevuka kama soksi. Akanionyesha kuingiza ncha chini ya ngozi na kukata kutoka ndani kwenda nje, ili usikate manyoya yakamwagikia nyama. Vile vishungi vyeusi juu ya kwato za nyuma, ambavyo ni tezi, alivitoa mapema kwa kisu chake cha mfukoni, kisha akakiweka mbali.

Halafu zamu ya visu vyangu. Cha kwanza kiligoma kabla hatujamaliza paja moja. Makali yalijikunja kama bati. Cha pili mpini ulishika mafuta, ukateleza, nikanusurika kidole. Nikachukua panga. Nilipiga bega mara tatu, mfupa ukapasuka vipande vyenye ncha vikazama ndani ya nyama. Nikachukua msumeno. Shangazi, aliyekuwa ameletewa kiti jikoni ili apumzike, akatoka akainama, akatazama pale nilipokata.

"Hii bluu ni nini?"

Ilikuwa rangi ya msumeno. Imeganda kwenye mfupa.

"Unataka tule rangi, baba?"

Shangazi alipaa samaki Feri, soko la samaki la Dar, miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia. Akamtuma binti yangu amletee mkoba wake. Kilichotoka humo, kimeviringishwa gazeti, kilikuwa kisu kilichonolewa mpaka ubapa ukabaki mwembamba kama jani la mchaichai. Akakipitisha mara nne kwenye kitako cha kikombe cha udongo, pale pasipong'arishwa, akaniambia: "Shika huo mguu wa mbele. Uvute nje, usiuachie."

Nikavuta. Akapitisha ncha kwapani, taratibu, akifuata utando mweupe unaotenga msuli na msuli. Hakugonga mfupa popote. Mkono mzima ukaniangukia mikononi pamoja na bega lake, nikapepesuka. Nilidhani kuna kiungo amekikata nisikione. Hakipo! Mguu wa mbele wa swala, kama wa mbuzi, haukuungwa na kiwiliwili kwa mfupa. Umeshikwa na nyama tupu. Nami nilikuwa nauvamia kwa panga kama mtu anayefyeka pori.

Paja lilikuwa na kiungo kweli, kile cha duara nyongani. Akakitafuta kwa kidole gumba, akakata kano moja, kikafunguka. Sarara mbili za mgongoni alizitoa kwa kuburuza ncha kando ya uti wa mgongo, kisha akachuna ule utando wake mgumu. Panga lilipata kazi shingoni tu. Ilibidi twende haraka. Julai ndiyo baridi yetu, lakini baridi ya Dar haihifadhi nyama, na ile habari ya wenzetu wa nchi za barafu kuning'iniza mnyama siku kadhaa alainike ungeijaribu hapa ungewalisha nzi. Kufikia saa tano usiku friji ilikuwa imejaa, na vifurushi vilivyozidi vimelala kwenye boksi la barafu.

Shangazi akaosha kisu chake, akakifuta kwa kanga, akakirudisha kwenye gazeti. Nikamwomba aniachie walau mpaka kesho, kuna mbavu zimebaki.

"Kanunue chako," akasema. "Na hiyo shingo nifungie, ya supu."

Jumatatu mchana nilikuwa Kariakoo. Mzee wa gunia alinitambua kabla sijasalimia. Safari hii alisema elfu nane.