Desemba ya Mpokea Wageni: Jinsi Nilivyoitunza Afya Yangu ya Akili

Mimi ni mpokea wageni katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi, na kwa watu wa kazi yangu Desemba si mwezi wa mapumziko. Shule zikifungwa, familia kutoka bara huteremka Mombasa kwa treni na mabasi, Wazungu wanaokimbia baridi ya kwao huongezeka, na maombi ya likizo hayasikilizwi hadi Mwaka Mpya upite. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Jambo lililonishinda ni hali iliyonipata Desemba ya kwanza baada ya kufiwa na baba: usiku kucha nawatakia watu heri ya Krismasi kwa tabasamu, kisha narudi nyumbani Kisauni nikiwa sina usingizi wala hamu ya chakula, na simu ya mama inaita naitazama tu.

Mwaka uliofuata nilianza kujiandaa mapema, mvua za vuli zilipokuwa bado zinanyesha. Nilikwenda hospitali ya Port Reitz, penye kitengo cha afya ya akili, nikapangiwa kuonana na mshauri nasaha, mama wa makamo asiye na haraka. Nilidhani ataanza na msiba, lakini swali lake la kwanza lilikuwa la usingizi.

"Dada, ukitoka zamu ya usiku, unalala gizani au mwangani?"

Nililala mwangani, kwenye chumba chenye dirisha linaloelekea mashariki na pazia jepesi, katika msimu wa kaskazi ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30. Alinieleza kwamba mwili huisoma saa kwa mwanga unaoingia machoni, na kwamba homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, hupungua mtu akikaa chini ya taa kali usiku. Huzuni ya msiba ingekuwapo vyovyote vile, alisema, lakini mtu asiyelala huibeba kwa shida zaidi.

Maneno yake yalinikumbusha bibi mmoja wa Uswidi anayekuja hotelini kwetu karibu kila Desemba. Kwao Stockholm, mwezi huo mchana hudumu takriban saa sita tu, na Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Huzuni inayokuja na majira hayo ilielezwa kitaalamu mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani, na mojawapo ya tiba zake ni kukaa kila asubuhi, kwa muda wa nusu saa hivi, mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000. Bibi huyo anayo taa hiyo kwake. Nilipomwambia kwamba mimi mwanga unanizidi, tena saa za kulala, alicheka sana.

Basi nilinunua kaniki mbili, nikaziunganisha kwa mkono na kuzipigilia misumari dirishani hadi chumba kikawa giza totoro saa mbili asubuhi. Feni niliiweka sakafuni, nikaacha kunywa kahawa baada ya saa nane usiku, na kila alasiri nilipoamka nilitembea ufuoni hadi jua lilipokaribia kutua. Kazini nilimwomba mkuu wa idara zamu zangu za usiku zifuatane badala ya kurukaruka kati ya usiku na mchana ndani ya juma moja. Alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba nisiombe kingine.

Lakini kingine kilikuwapo, nacho ni mkesha wa Krismasi. Nilitaka kuwa kanisani, si nyuma ya kaunta, na hapa nilisaidiwa na desturi ambayo wafanyakazi wengi wa Mombasa wanaijua: Mkristo humshikia Mwislamu zamu siku ya Idd, naye Mwislamu hurudisha wakati wa Krismasi. Mwenzangu alichukua usiku ule bila kuniuliza sababu. Nililia ibada nzima, na sikuona haya.

Upande wa nyumbani ulihitaji ujasiri zaidi. Kundi la familia la WhatsApp huchemka kuanzia Novemba kwa michango ya mbuzi, nauli na nguo za watoto, na anayefanya kazi hoteli ya ufuoni hudhaniwa ana mfuko usio na mwisho. Nilimpigia mama mapema, nikamtajia kiasi nitakachotuma, nikamwambia kwamba kwetu Wundanyi nitakuja Januari, wageni wakishapungua. Alinyamaza kidogo.

"Haya, mwanangu. Kuku tutamchinja Januari. Kuku hajui tarehe."

Shangazi aliandika kwenye kundi kwamba mji umenibadilisha. Sikumjibu, na nilizima milio ya kundi hilo hadi Mwaka Mpya. Kwa maoni yangu, ugomvi wa Desemba haumalizwi kwa maandishi. Kwenye simu niliacha wazi watu wachache tu, pamoja na namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haitozi malipo na inapokea pia wenye dhiki ya moyo.

Siwezi kusema mwezi ulipita bila maumivu. Usiku wa Mwaka Mpya, fataki ziliporushwa ufuoni, nilijifungia stoo ya mizigo hadi zilipoisha. Lakini nilikuwa nalala na kula, na mama aliponipigia nilipokea. Januari nilipanda matatu ya Wundanyi, tukaenda kaburini kwa baba, kisha tukamla yule kuku.

Kwa Desemba ijayo nimeshaomba zamu ya mchana tarehe 31. Mwenzangu naye amenikumbusha deni langu, akasisitiza kwamba Idd huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo nisije nikajifanya sikujua.