Nilipomnyamazisha Shaba

Jumapili mchana mbwa wangu Shaba, akiwa anakula, alimuuma mama yangu. Mama alikuwa ameinama kuchukua ufagio karibu na bakuli, na kabla hajainuka meno yalikuwa yameshazama kwenye kiganja chake. Hapakuwa na ngurumo wala kubweka. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukaenda hospitali ingawa Shaba alikuwa amechanjwa, maana jeraha la mbwa halipuuzwi. Njiani Mama alisema jambo moja tu: "Mwanangu, mbona huyu mbwa zamani alikuwa ananguruma?"

Ni kweli. Alianza kunguruma akiwa na miezi kama 8, mtu akisogelea chakula chake. Nami niliamini kwamba mbwa anayemngurumia anayemlisha amekosa adabu, basi nikawa namkaripia kila mara. Mara mbili nilimpiga kwa kandambili. Nilimnyang'anya bakuli akiwa katikati ya kula ili ajue nani mkubwa. Baada ya wiki chache akanyamaza, nami nikaona nimefaulu. Hadi leo inaniuma nikikumbuka. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini hofu ya kunyang'anywa ilibaki, tena ilikua, kwa sababu kila niliposogea nilimnyang'anya kweli. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kuonya kunaleta kipigo. Akabaki na kuuma.

Daktari wa mifugo alianza kwa kumkagua meno, masikio na viungo, kwani mnyama mwenye maumivu huwa mkali hata kwa watu anaowapenda. Akamkuta mzima. Akaniuliza Shaba hufanya nini kabla ya kuuma. Nikajibu, hafanyi chochote. Akaniambia niweke simu mahali, nimrekodi akila huku nikipita kwa mbali, halafu niitazame video polepole.

Ile video ndiyo iliyonifungua macho. Nikiwa hatua 5, Shaba alianza kula harakaharaka. Hatua 4, akaacha kutafuna, kichwa kikabaki juu ya bakuli, mwili umekakamaa kama gogo. Jicho lake liligeuka pembeni kunifuata mpaka weupe ukaonekana kama mwezi mwandamo. Akajilamba midomo mara moja, upesi, wala hakikuwa chakula alichokuwa anakilamba. Na mkia wake ulikuwa unatikisika! Ulikuwa umesimama juu, mgumu, ukitikisika kwa mtikiso mfupi mfupi. Maisha yangu yote nilidhani mkia ukitikisika mbwa amefurahi. Mbwa aliyefurahi hulegea mwili mzima, hata kiuno huyumba. Huyu wangu alikuwa anatuambia tukae mbali, kwa lugha ambayo hakuna aliyekuwa anaisoma.

Tuliamua kwanza asipate sababu ya kuuma tena. Bakuli likahamishiwa kwenye kona isiyo na njia, na wageni na watoto hawakuruhusiwa kufika huko wakati wa chakula. Kisha nikaanza mafunzo.

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakitokwa mate hata kabla ya chakula kufika, kwa kumwona tu mtu anayewalisha. Kwa Shaba, nyayo zangu zilikuwa zinatangulia kunyang'anywa. Kazi yangu ikawa kuzifanya zitangulie nyama. Shaba akiwa anakula chakula chake cha kawaida, nilipita kwa umbali wa hatua 7, ambapo mwili wake ulikuwa bado umelegea. Nikamrushia kipande cha nyama ya kuchemsha, kidogo kama punje ya harage, nikaenda zangu. Sikusimama wala sikumwita. Mara 5 au 6 kwa kila mlo, basi.

Utaratibu huu una jambo moja ambalo nililikosea siku za mwanzo. Nilikuwa naingiza mkono mfukoni kabla sijapiga hatua, na Shaba akajifunza kuangalia mfuko. Ni lazima mtu asogee kwanza, ndipo nyama itoke, ili kusogea kwenyewe kuwe habari njema. Nilipolirekebisha hilo, mabadiliko yalikuja upesi. Siku ya 9, aliponiona tu nikija, aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli na kunitazama usoni, mdomo umelegea. Nilitokwa na machozi.

Wiki ya tatu nikapata pupa. Kutoka hatua 4 nikaruka hadi 1 kwa siku moja, na Shaba akakakamaa. Nikarudi hatua 6, nikaanza upya. Pale ndipo nilipokubali kwamba umbali anaupanga yeye.

Kazi nyingine ilikuwa kumfundisha kuachia kitu kwa hiari, na hii niliifanya mbali kabisa na bakuli. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio ya paka waliofungiwa ndani ya masanduku: tendo lililowatoa nje wakafika kwenye chakula walilirudia, kila mara kwa haraka zaidi kidogo. Kwa Shaba nilianza na kamba asiyoijali sana. Nasema "acha," akiitema tu nampa nyama, papo hapo, kabla hata sekunde haijapita, kisha namrudishia kamba yake. Huko kumrudishia ndiko kuliko na uzito, kwa maoni yangu. Mbwa anayejua kwamba kitu chake kitarudi hana haja ya kukilinda.

Mama alisubiri kidonda kipone, kisha akasema na yeye anataka kujaribu. Nilidhani Shaba ameshaelewa, kumbe alichoelewa ni kwamba mimi si tishio. Kwa Mama ilibidi tuanze tena hatua 7, na yeye ana subira kuliko mimi. Hakuwahi kuruka hata hatua moja. Ilichukua karibu miezi miwili, na sasa Shaba akisikia nyayo zake hugeuka kutoka kwenye bakuli na kumngojea.

Wiki iliyopita Shaba alipata mfupa mkubwa, mkubwa kuliko wowote aliowahi kupata. Nilipokuwa napita, ngurumo ikatoka kifuani mwake, ya chini, ndefu. Mwaka mzima sikuwa nimeisikia. Nikasimama pale pale, nikamwambia kwa sauti ya upole, "Nimekusikia, baba," nikarudi nyuma hatua tatu. Akalegea, akaendelea na mfupa wake.