Leo nimetembea chini ya Seattle

Natoka Pioneer Square, mtaa wa kale wa Seattle, Marekani, sasa hivi, viatu vimejaa vumbi.

Walowezi wa kundi la akina Denny walitua ufukweni Alki, hapa hapa Seattle, Novemba 1851, mvua ikiwanyeshea. 1853 Henry Yesler akafunga mtambo wa mvuke wa kupasulia mbao, na mji ukajengwa kwa mbao hizo hizo. (Watu wa Duwamish walikuwapo zamani. Hata jina la mji ni la chifu wao.)

Juni 6, 1889 gundi ikashika moto kwenye karakana ya seremala. Katikati ya mji pakateketea.

Wakajenga upya kwa matofali, wakainua barabara. Ila njia za miguu zilibaki chini kwa muda, ikabidi watu wapande ngazi ili wavuke tu barabara! Na kikapu cha sokoni mkononi, jamani?

Baadaye njia mpya zikajengwa juu, zile za zamani zikabaki chini kama mahandaki, ndimo nilimotembea. Mimi nimevutiwa na vioo vidogo vya darini humo, vilivyopachikwa kwenye njia ya juu. Jua la miaka mingi limevigeuza zambarau. Unasimama pale chini, unaona vivuli vya watu wakikukanyaga kichwani bila habari.

Nimegoma kutoka mpaka kiongozi wetu akaniita.

Mnaoishi huku, mmeshashuka? Tupieni picha.