Jumamosi ya Keeneland, vyumba kumi na vitano

Saa 11:20 alfajiri naamka kabla simu haijalia. Kwetu Baraka, Kongo, saa 12 jua limeshatoka upande wa ziwa, na mama yangu alikuwa tayari ufukweni akisubiri mitumbwi ya ndagala. Hapa Lexington, Kentucky, katikati ya Oktoba jua linatoka karibu saa 2 asubuhi. Huu ni mwaka wangu wa nane hapa, na mwili wangu bado haujakubaliana na giza hili. Nakoroga uji, nafunika chakula cha mchana cha watoto watatu, namwachia mkubwa maagizo, nashuka ngazi.

Naandika siku hii kwa ajili ya ndugu zangu walioko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na hata baadhi ya tulio nao humu mjini, wanaosema mtu wa usafi wa hoteli "anatandika vitanda tu".

Saa 1:15 naingia kwenye gari la mwenzangu, mama mmoja wa Uvira. Tunachangia mafuta. Tunashika Versailles Road, ambayo sisi tuliosoma Kifaransa ulimi unataka kuitamka Kifaransa, lakini wenyeji husema "Verselzi", na ukiwauliza kwa matamshi ya Paris hawajui unataka kwenda wapi. Mbele yetu trela mbili za farasi. Karibu na uwanja wa ndege taa za Keeneland zinaonekana. Huo ndio uwanja wa mbio za farasi, tangu 1936, na mbio zake ni za misimu miwili tu, Aprili na Oktoba. Watu wengi hawajui kwamba asubuhi, wakati farasi wanafanya mazoezi, unaweza kwenda kutazama bila kulipa chochote. Niliwapeleka wanangu mara moja. Tulisimama kwenye uzio na baridi, na farasi walipokuja tuliwasikia miguuni, ardhini, kabla hatujawaona. Kitinda mimba wangu alinishika sketi, hakusema neno mpaka walipopita.

Saa 2 kamili tunagawiwa karatasi za vyumba. Jumamosi hii kuna mbio Keeneland na kuna mpira wa chuo kikuu, hoteli imejaa mpaka chumba cha mwisho. Mimi nina 15: tisa ni chekauti, yaani wageni wanaondoka leo, sita wageni wanabaki. Chekauti lazima ziwe tayari saa 9 alasiri, na wageni wana haki ya kukaa mpaka saa 5. Piga hesabu mwenyewe.

Mji huu nimeujua kwa taka zake. Mgeni aliyeshinda Keeneland anaacha kitabu cha ratiba ya mbio kilichojaa alama za kalamu, tope jembamba kwenye zulia, na kofia ya mke wake juu ya taa. Aliyetoka kwenye mpira anaacha karatasi za rangi ya buluu mpaka ndani ya beseni la kuogea. Waliozunguka kwenye viwanda vya wiski ya bourbon wanaacha chupa ndogo na maboksi ya chokoleti. Wakija wazazi na watoto wao kutoka bustani ya farasi ya Kentucky Horse Park, naokota nyasi kwenye mashuka na farasi wa plastiki chini ya kitanda. Huyo wa plastiki namfunga kwenye mfuko, naandika namba ya chumba na tarehe, napeleka mapokezi. Mtoto atamlilia njia nzima.

Sasa kitanda, kwa kuwa ndicho kinachodharauliwa. Mashuka yote yanatoka, hata kama mgeni alilala upande mmoja. Shuka la chini nalirusha mara moja lishuke katikati. Likishuka upande, mgongo wako ndio utakaolipa. Nainua kona ya godoro kwa mkono wa kushoto na kulishikilia kwa goti, nakunja shuka mshazari kama bahasha, nalisukuma ndani kwa kiganja kilichonyooka, si kwa vidole, kwa sababu kucha zinavunjika. Kona nne. Vitanda viwili kwa chumba, kona nane. Foronya naigeuza ndani nje, naushika mto kwa pembe zake kupitia kitambaa, natikisa mara moja, na foronya inajivisha yenyewe. Nikimaliza napitisha mkono juu. Kama mkono umekwama mahali, narudia. Halafu bafu, ambako unywele mmoja tu unatosha kuharibu kazi yako yote: mgeni ataupiga picha.

Mpaka saa 6:30 nilikuwa nimemaliza vyumba saba. Nilikula ugali wangu baridi nimesimama karibu na mashine za kufulia, nikarudi juu.

Saa 7 na robo msimamizi akaniita kwa redio. Yeye ni mama wa Honduras, ananiita "mama" kama tunavyoitana sisi kwa sisi. Sauti yake tu ilinijulisha kuwa kuna neno. Nilimkuta mlangoni pa chumba nilichokisafisha asubuhi, cha mgeni anayebaki, na ndani kuna mwanamume amevaa koti zuri na tai, uso mwekundu. Anasema tiketi yake ya dau ya jana, farasi wake alishinda, alikwenda leo kuchukua pesa, haipo. Aliiacha mezani. Aliyeingia ni mimi.

Tiketi zenyewe nazifahamu vizuri. Ni karatasi ndogo inayotoka kwenye mashine, na zilizoshindwa nazikuta zimechanwa kila pembe ya chumba. Kwa sababu hiyo hiyo nina sheria yangu, na hakuna aliyenifundisha: kilicho ndani ya pipa ni taka, kilicho juu ya meza hakiguswi, hata kama ni karatasi iliyokunjwakunjwa na kumwagiwa kahawa. Nainua, nafuta chini yake, narudisha palepale. Nilimweleza hivyo. Hakunitazama mimi, alimtazama msimamizi, akamuuliza kama nakielewa Kiingereza.

Basi tukatafuta. Tulivua kitanda nilichokitandika, tukainua godoro, tukasogeza meza. Hakuna. Akasema itakuwa kwenye taka. Mfuko wa toroli langu ulikuwa na taka za vyumba vitatu, na mingine miwili ilikwisha teremshwa kwenye majalala ya nyuma. Nikavaa glavu, tukashuka wote watatu, nikatandaza plastiki juu ya saruji, nikafungua. Mabaki ya kahawa. Nepi. Karatasi za maliwatoni. Mifupa ya kuku. Nikashika kila karatasi, nikaikunjua, nikamwonyesha, nikaiweka kando. Alisimama hatua tano kutoka kwangu, mikono amefunga kifuani. Mfuko wa pili ulipokuwa katikati akamwambia msimamizi, kwa sauti ambayo alijua naisikia, kwamba hoteli iajiri watu wanaojua kusoma.

Kambini Nyarugusu nilifundisha darasa la tatu miaka sita. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, wanne wanashirikiana kitabu kimoja, na wengi walitoka mikononi mwangu wanasoma Kifaransa na Kiswahili. Leo wako Australia, Kanada, na wengine hapa hapa Kentucky. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye saruji na mikono yangu imejaa taka za watu, na neno hilo lilinipata kifuani. Sikujibu. Machozi yalikuja nikayazuia, kwa sababu ukiwa na glavu chafu huwezi kujifuta uso.

Simu yake ikalia. Alikuwa mke wake. Tiketi ilikuwa kwenye gari, ndani ya ratiba ya jana, mahali alipoiweka yeye mwenyewe. Alimwambia msimamizi, "Imepatikana," akaondoka. Kwangu hakusema kitu. Nilitegemea angalau ageuke. Hakugeuka.

Dakika hamsini. Msimamizi alinishika bega, akaniambia pole mama, akanisaidia kurudisha taka kwenye mifuko. Lakini karatasi ya vyumba haijui habari hizo. Nilikuwa bado na vyumba saba, vinne kati yake chekauti, na mapokezi wanapiga simu kuuliza kama viko tayari. Na kitanda cha yule bwana, tulichokivua, nacho kilitakiwa kutandikwa upya. Nilikitandika. Kona nne.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Nakumbuka magoti. Nakumbuka mashine ya kufyonza vumbi ikijaa nywele na mimi nikizikata kwa mkasi. Nakumbuka kufungua mlango wa chumba nilichodhani bado, nikakuta kimekwisha, taulo zimekunjwa kwa namna ya mama wa Uvira. Alikuwa amenichukulia vyumba viwili bila kuniambia, na yeye ana 15 zake. Nilimkuta kwenye lifti nikataka kumshukuru, akasema, "Acha mama, twende."

Tulitoka jua likiwa linaelekea kushuka, Versailles Road imefungana kwa magari ya wanaotoka Keeneland. Wanawake na kofia zao kwenye madirisha, wana furaha, na sikuwa na kinyongo nao. Ni siku nzuri kwao na sisi tumewaandalia mahali pa kulala. Tukapita mjini, kona ya Third Street na Midland, kwenye bustani ya Isaac Murphy. Mwanangu wa darasa la tano ndiye aliyenifundisha habari zake: mpanda farasi mweusi wa mji huu, alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za jimbo hili, 1884, 1890 na 1891. Na kwamba Derby ya kwanza, 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi. Kofia za farasi na fulana za farasi nakunja kila siku. Picha yake kwenye mizigo ya wageni sijaiona.

Watoto nilikuwa nimewaahidi Jacobson Park, na ahadi ni ahadi. Vijana wetu walikuwa wanacheza mpira, mtu anachoma nyama, matangazo ya kwaya yanatolewa kwa Kiswahili kana kwamba tuko Kasulu. Nilivua viatu nikakaa kwenye nyasi mbele ya maji. Ni ziwa dogo, ng'ambo unaiona, lakini jua likishuka juu yake linatosha. Mkubwa aliniletea mshikaki, akaniuliza kwa nini mikono yangu inanuka dawa. Nikamwambia siku ilikuwa ndefu.

Ujumbe wa vyumba vya Jumapili ukaingia nikiwa bado pale. Kumi na vinne. Cha yule bwana kimo, anatoka kesho. Nilimpigia msimamizi nikamwomba kitu kimoja: tuingie wote wawili, yeye asimame mlangoni mpaka nimalize, na kila kilicho mezani akiandike kabla sijakigusa. Alikaa kimya kidogo, akasema sawa, mama. Saa 3 asubuhi.