Kipimo cha sukari hakilali kabatini

Jana pale Ngamiani nesi mwenzangu kanitania: "Wewe wa wodi ya afya ya akili, mshipa bado unaujua?" Nimecheka, ila kuweka kanula, kile kimrija cha mshipani, kweli kunataka mazoezi, ndiyo maana huomba zamu wodi ya kawaida.

Mengine ya mwili yapo hapa hapa wodi ya akili. Olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, inanenepesha na kupandisha sukari, basi mizani na kipimo cha sukari havikauki mikononi. Mgonjwa wa lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, akianza kutapika, kutetemeka na kuyumba, usiseme "ndo ugonjwa wake", huenda dawa imezidi mwilini. Usimpe dozi nyingine kabla daktari hajamwona na damu haijapimwa.

Na klozapini, dawa nyingine ya akili, jamani! Wote wanakumbuka kupima chembe nyeupe za damu maana inaweza kuzishusha, kufunga choo wanakusahau, nako kunaua. Mie nauliza kila asubuhi, wagonjwa wameshanipa jina, silitaji hapa.