Betri ya Pikipiki, Kabla na Baada ya Spana

Kufungua na kufunga betri ya pikipiki ni kazi ya spana namba kumi na bisibisi, na mtu mwenye utulivu huimaliza kabla chai haijapoa. Kinachodai akili ni kile kinachotangulia, yaani kuthibitisha kwamba betri ndiyo iliyokufa, na kile kinachofuata, yaani mahali pa kuipeleka ile ya zamani. Wiki hii nimeyapitia yote nyumbani kwangu, hapa Bugarika, jijini Mwanza.

Dalili zilianza kwenye honi, ambayo sauti yake ilififia, kisha indiketa zikaacha kupepesa, na hatimaye stata ikawa inagonga mara moja tu bila kuzungusha injini. Nikabaki kupiga kiki kila asubuhi, jambo ambalo kwa mwanamke aliyevaa sketi ya ofisini, tena kwenye mteremko wa mawe, halina staha wala raha. Kijana wa bodaboda anayeegesha karibu na geti letu aliitazama akatoa hukumu papo hapo: "Dada, hiyo imeshajifia, nunua nyingine tu." Nikamjibu, "Ngoja tuipime kwanza, mdogo wangu," kwa sababu betri mpya haiponyi pikipiki ambayo mfumo wake wa kuchaji ni mbovu, huuawa na ubovu ule ule uliomuua mwenzake.

Niliazima mita ya kupimia volti kwa fundi umeme wa mtaani. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo, kwa hiyo ikishajaa na kupumzika huonyesha takriban 12.6 hadi 12.8. Yangu ilionyesha 10.4. Niliichaji usiku kucha, na ilipopumzika ikarudi pale pale. Betri iliyoishiwa chaji tu hupanda inapochajiwa. Inayokosa volti 2 hivi na kugoma kupanda, kwa kawaida ina chumba kimoja kilichokufa. Sishangai sana. Ndani ya betri kuna sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi, na mtikisiko wa kila siku juu ya njia zetu za miamba hupukutisha ule unga wa sahani unaotunza umeme, nao ukijikusanya chini hatimaye huunganisha sahani mbili ambazo hazikupaswa kugusana.

Kwenye kufungua, utaratibu ni mmoja na una sababu yake. Unaanza na waya wa hasi. Fremu yote ya pikipiki imeunganishwa na upande wa hasi, hivyo ukianza na chanya halafu spana ikagusa chuma chochote kilicho jirani, umeme wote wa betri hupita kwenye spana hiyo kwa cheche kali. Hasi ikishatoka, spana iliyo kwenye chanya inaweza kugusa fremu bila madhara. Wakati wa kufunga mambo hugeuka: chanya kwanza, hasi mwisho. Ule unga mweupe uliokuwa umeota kwenye vichwa vya waya niliuosha kwa maji yenye magadi, nikakausha, na baada ya kufunga nikapaka mafuta ya mgando ili usirudi upesi.

Betri niliyonunua ni ya aina inayouzwa kavu, pamoja na chupa ya asidi. Niliijazia uani, mbali na jiko la mkaa, nikiwa na glovu na nguo kuukuu, maana tone la asidi kwenye kanga halionekani leo. Utaliona kanga ikishafuliwa, likiwa tundu. Asidi inaishia kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni, na kuanzia siku hiyo betri haidai asidi tena bali maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, kamwe si ya bomba wala ya ziwani, kwa kuwa chumvi zake huharibu sahani. Niliiacha itulie nusu saa, kisha nikaichaji polepole. Betri ya ampea-saa 7 (kipimo cha umeme inaotunza) hupewa ampea 0.7, yaani moja ya kumi, na chaja kubwa ya gari ingeichemsha. Mpira mdogo wa kutolea hewa niliuelekeza chini, mbali na mnyororo, usije ukadondokewa na asidi na kuliwa na kutu.

Injini ilipowaka niliweka mita tena, nikasoma 14.1 huku nikivuta mafuta kidogo. Hapo ndipo niliporidhika kwamba chaji haina kosa, kwa sababu ingebaki kwenye 12 na pointi ningejua betri hailishwi, na ingevuka 15 ningejua inapikwa.

Imebaki ile ya zamani. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliitaka, ila kwa sharti kwamba niimwage asidi kwanza, akanionyesha mtaro. Mtaro ule hupeleka maji Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani, na asidi ya betri kuukuu huwa na risasi ndani yake, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Nilimkatalia kwa heshima. Duka lililoniuzia mpya liliipokea ikiwa wima, na asidi yake ndani, kwa fedha pungufu kuliko alizotaja yeye, nami sikubishana.