Usimwulize "unataka kuwa nani?"
Kijana aliyemaliza kidato cha nne Novemba ana miezi kadhaa mkononi kabla ya kidato cha tano kuanza Julai. Ukimwuliza anataka kuwa nani, atakutajia udaktari ili umwache. Mpe daftari. Kila Jumapili aandike mambo mawili: kazi iliyomsahaulisha muda, na jambo alilokubali kwa kuwafuata wenzake tu. Usilisome bila ruhusa. Ukilichungulia, ataanza kukuandikia wewe.

Mgumu zaidi ni yule mtulivu, anayeonekana amekwisha kuamua. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alieleza vijana wanaojifunga mapema kwenye njia ya wazazi bila kujaribu nyingine. Huyo mpeleke gereji, kisha kwa fundi cherehani, wiki mbili mbili. Akibadili nia, msimtanie mbele ya wageni.